Maporomoko ya Thika ni Yetu Pia

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa Malindi, na sisi watu wa Malindi tukiambiwa twende bara kutazama maji huona kama tunachezwa shere. Maji gani tena tukayatazame, nasi tumezaliwa yakitupiga miguuni? Mwana wa ndugu yangu amepanga nyumba Ruiru na anafanya kazi katika kiwanda kimoja cha Thika. Aliponiambia kuwa nikifika atanipeleka kwenye maporomoko, nilimjibu kwa mzaha kwamba mtu wa makamo yangu hapandi basi usiku kucha ili kwenda kutazama maji yakianguka.

Nimekwenda lakini. Nimekwenda kwa ajili yake yeye na mtoto wake mchanga ambaye nilikuwa sijamwona, na maporomoko nikayahesabu kuwa ni ya njiani tu. Leo naandika habari za hayo ya njiani, kwa kuwa nimerudi nayo nyumbani moyoni na hayajanitoka.

Ruiru ni mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika, barabara ile pana iliyofunguliwa mwaka 2012. Kwa miaka mingi Ruiru ulijulikana kwa kahawa. Siku hizi mashamba ya kahawa yanakatwa moja baada ya jingine na mahali pake zinaota nyumba za ghorofa, na katika nyumba hizo wamo vijana wetu wengi wa pwani waliofuata riziki. Usiku nilisikia mtu akimbembeleza mwanawe kwa Kiamu sakini katika chumba cha pili, nikacheka peke yangu. Mtu husafiri akidhani ametoka kwao, kumbe kwao kumemtangulia.

Asubuhi yake, siku ya Jumamosi, tukaenda Thika. Maporomoko ya kwanza hayana taabu ya kuyafikia. Yako kando ya barabara, nyuma ya hoteli ya kale iitwayo Blue Posts, ambayo imekuwapo hapo tangu mwaka 1908. Hoteli imekaa baina ya mito miwili, Chania upande huu na Thika upande huu, na kila mto una maporomoko yake. Mito yote miwili yatoka katika milima ya Nyandarua, na hapo karibu na hoteli ndipo inapokutana ikawa mmoja.

Tuliteremka kwa vidato kuyatazama ya Chania. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yakishuka katika mwamba mweusi kwa kishindo kama cha mawimbi ya kusi yanapopiga kwenye mwamba, na marasharasha yake yakanilowesha ndevu. Palikuwa na bwana arusi na bibi arusi wakipigwa picha, na watoto wa shule na mwalimu wao. "Ami, umeyaona?" kijana wangu akauliza, kwa fahari kama kwamba ameyatengeneza yeye. Nikamwambia nimeyaona, na Mola ndiye Muumba. Sikuwa na mzaha tena.

Kabla ya kuondoka nilimwuliza mtu mmoja aliyekuwa akifagia majani pale chini: "Bwana, mto huu waenda wapi?" Akanyoosha fagio lake kuelekea mashariki akasema: "Unaenda huko chini, mzee."

Huko chini. Neno hilo lilinikaa. Nilitaka kumwambia kuwa huko chini kuna watu, na mmoja wao ndiye huyu anayezungumza naye. Kwa maana Mto Thika humwaga maji yake katika Tana, na Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, huteremka Garissa na Hola hadi Kipini, mahali ambapo wazee wetu hutuonyesha kaburi wanalosema ni la Fumo Liyongo. Maji niliyoyaona yakianguka nyuma ya hoteli ya Thika ndiyo yatakayomwagilia mpunga wa Wapokomo na kuingia baharini katika ghuba ya Ungwana. Sikumwambia neno, kwani alikuwa na kazi yake. Nawaambia nyinyi.

MAPOROMOKO YA PILI

Kijana wangu akasema hayo ya Chania ni utangulizi, na kwamba yenyewe hasa ni yale yaitwayo Fourteen Falls, yaani Maporomoko Kumi na Manne. Tukashika barabara ya Garissa, tukapita mashamba ya mananasi ambayo jicho halioni mwisho wake, kisha tukakata kulia kuelekea mlima mmoja uliosimama peke yake katika tambarare. Wamasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa, na pia huitwa Kilima Mbogo. Tangu mwaka 1967 mlima huo ni mbuga ya taifa. Huko juu amezikwa Sir Northrup McMillan, Mmarekani mwenye mali nyingi aliyekuwa na mashamba makubwa katika nchi hiyo na ambaye alikufa mwaka 1925. Maktaba ya McMillan pale Nairobi imepewa jina lake.

Maporomoko yenyewe hayamo ndani ya mbuga. Yako nje kidogo, chini ya mlima, katika Mto Athi. Tukalipa kiingilio, tukashuka.

Msomaji, nilisikia harufu kabla sijasikia mshindo.

Sitaki kuwavunjia heshima wenye mahali pale, kwa sababu Mwenyezi Mungu amepapamba. Mto umepanuka, ukakuta ukingo wa mwamba wenye kimo cha yapata mita 27, nao ukajigawa mafungu mafungu, huku kamba nene ya maji, huku utaji mwembamba, baina yake mawe na vichaka. Wakati wa mvua, waliniambia, mafungu yote huungana yakawa ukuta mmoja wa maji. Vijana hupanda mwambani wakaruka vidimbwini ili wageni wawape chochote, na wengine wana mashua za kuvushia watu. Lakini chini ya kila poromoko palikuwa na povu. Si povu lile la bahari linalopasuka likitoweka. Hili lilikuwa limekaa, zito, la kijivujivu, limejikusanya kwenye kona za mawe kama pamba chafu, na upepo ukivuma lavunjika vipande na kuruka. Na kwenye matete zilining'inia chupa za plastiki na matambara. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017, lakini mto una kumbukumbu ndefu kuliko sheria.

Ikaingia Adhuhuri. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikashuka kwenye jiwe la bapa ili nitawadhe. Mwenye mashua akaniona, akapiga ukelele: "Baba! Hayo si ya kunawa uso!"

Nikasimama na mikono mitupu. Kijana wangu akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya mtoto aliyerudi chuoni: "Ami, maji haya yafaa udhu?"

SIFA TATU

Mimi si mufti, wala sijapata kuwa. Lakini kila aliyekaa mkekani chuoni na kusomeshwa mlango wa twahara anaijua hesabu hii. Maji mengi, yaliyofika kulateni na kuzidi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka ibadilike moja katika sifa zake tatu: rangi, au utamu, au harufu. Tukifundishwa hayo tukiwa watoto, tukiyaimba kwa pamoja na mwalimu akitugongea bakora ukingoni mwa kitanda, na ilikuwa kwetu ni hesabu ya birika na mitungi. Nani angalidhani kuwa mtoto huyo akifika miaka hamsini na kitu atasimama mbele ya mto mzima, mto wa pili kwa urefu nchini, aanze kuuhesabu: rangi, imebadilika, harufu, imebadilika, utamu, Mungu apishe mbali, sikujaribu?

Pana jambo jingine tulilofundishwa, na hili ndilo lililonichoma. Maji yakibadilika kwa udongo hayadhuru. Udongo ni twahara, na maji yaliyopita juu ya udongo yakachukua rangi yake hubaki ni maji. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba upande wa Sabaki, na katika miaka ya sabini maji ya mto huo yalikuwa mekundu kama haya ya Chania. Aliyateka jioni, akayatia mtungini, akayaacha yakalala. Asubuhi udongo ulikuwa umekaa chini, na juu yake maji meupe. Akiyachota kwa kata polepole asiutibue mtungi, akinywa, akipikia, akitawadhia. Wekundu ule haukuwa uchafu. Ulikuwa ni safari ya maji, imeandikwa ndani yake.

Lakini povu la Athi si safari. Ama liwe ni la sabuni, ama liwe ni la vyoo, ama liwe ni la dawa za viwandani, hakuna mtungi utakaolilaza likatulia. Nikapanda juu. Kijana wangu akaenda kwenye kibanda, akanunua chupa mbili za maji, nami nikatawadha kwa maji ya chupa, kwa kiasi, nikiyabana katika kiganja, huku mto unanguruma mbele yangu. Chuoni tuliambiwa tusifanye israfu ya maji hata tukiwa ukingoni mwa mto unaopita. Siku ile niliitii amri hiyo kwa sababu ambayo mwalimu wangu hakuijua.

MTO MMOJA, MAJINA MATATU

Sasa sikiliza, ndugu yangu uliye Malindi, Kilifi au Mombasa, usije ukasema hayo ni ya bara na wayamalize wenyewe. Mto ule una majina matatu. Kule juu ni Athi. Ukikutana na Mto Tsavo unaitwa Galana, na kwa jina hilo hupita mbuga ya Tsavo Mashariki, ukaangukia maporomoko mengine yaitwayo ya Lugard. Ukitukaribia sisi unaitwa Sabaki, na chini ya daraja ambalo kila aendaye Lamu kwa basi amelipita, huingia baharini baina ya Malindi na Mambrui. Mto wa bibi yangu na mto wa povu ni mto mmoja. Nilikuwa nimesimama juu ya mtungi wake.

Tena Baricho, kando ya Sabaki, ndiko viliko visima vinavyoipa maji Malindi, na Kilifi, na sehemu ya Mombasa. Sitaki kumtisha mtu. Maji ya Baricho huchujwa na mchanga wa ardhi kabla ya kupandishwa, kisha hutiwa dawa, na sisemi kuwa tunakunywa maji taka ya Nairobi. Nasema kuwa kati yetu na maji taka hayo uliopo ni mchanga na umbali, na mtu mwenye akili haachi afya ya wanawe ikalindwa na mchanga na umbali peke yake.

Na maji hayo yanachafukia wapi? Hapa pana kichekesho kichungu. Sehemu kubwa ya maji yanayonywewa Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, lililomalizwa mwaka 1994, na bwawa hilo limejengwa katika Mto Thika wenyewe, kule juu milimani. Mto Chania nao hutolewa maji kwa ajili ya jiji, na Mto Ruiru una bwawa lake la tangu kabla ya uhuru. Basi maji haya huchukuliwa yakiwa safi, hupelekwa jijini kwa mabomba, watu wakayanywa, wakaoga, wakafulia, wakayasukuma chooni. Kisha hurudi yakiwa na hali nyingine. Mengine hupita katika mabwawa ya kusafishia maji taka ya Dandora, yaliyoko Ruai. Mengine hayapiti popote, kwa sababu mitaa mingi haina mifereji ya maji taka, nayo huingia moja kwa moja katika Mto Nairobi na vijito vyake. Mto Nairobi huingia Athi, na Athi huja kuanguka kwa mafungu kumi na manne, mwendo mfupi kwa gari kutoka pale nilipomwona bwana arusi akipigwa picha.

Maana yake, msomaji, ni kwamba siku ile moja niliyaona maji ya milima ile ile mara mbili: asubuhi kabla binadamu hajayatumia, na adhuhuri baada ya kuyatumia. Mwalimu gani angenipa darasa kubwa kuliko hilo?

WA JUU NA WA CHINI

Watu wa juu wana haki ya kutangulia. Hilo halina ubishi hata katika sheria yetu. Wasomaji wanaijua kesi mashuhuri ya Zubeir bin Awwam na jirani yake wa Kiansari, waliogombania mfereji wa kumwagilia mitende kule Madina. Zubeir alikuwa juu, na hukumu ya Mtume ilianza kwa kumwambia amwagilie kwanza, kisha ayaachie maji yende kwa jirani. Hapo pana mambo mawili. Wa juu hutangulia, na wa juu huachia. Na kuachia ni kuachia maji. Mtu akimwachia jirani yake uvundo hawezi kusema ametimiza haki ya jirani.

Sisi pwani tumekuwa tukipokea vya watu wa juu kwa muda mrefu. Wataalamu waliotoboa tumbawe kubwa katika bahari ya Malindi, tumbawe la umri wa miaka 300 hivi, wamesoma ndani yake habari za mto kama mtu anavyosoma kitabu. Wameona kuwa udongo uliokuwa ukiletwa baharini ulikuwa kidogo, kisha ukaongezeka sana tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakati walowezi walipofyeka nchi ya juu kwa mashamba. McMillan na wenzake walilima kule, na tumbawe la Malindi likaandika huku. Udongo ule uliwasumbua samaki na mapwa, lakini angalau ulikuwa udongo. Haya ya leo tumbawe litayaandika kwa wino gani?

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kuwa viwanda vya Thika, Ruiru na Nairobi vinalisha watu, wakiwamo watu wetu. Ni kweli. Kijana wangu ni mmoja wao, na maziwa ya mtoto wake hutoka kiwandani. Tulipokuwa tukirudi Ruiru aliniambia, kwa sauti ya chini ingawa garini hamkuwa na mtu wa kutusikia, kuwa nyuma ya kiwanda anachofanyia kazi pana bomba linalofunguliwa usiku. Hajui kinachotoka ndani yake. Anajua rangi yake hubadilika kila wiki. "Nikisema, ami, nitafukuzwa," akaniambia. "Nisiposema, bahari ni ya kwetu." Kiwanda hicho sikitaji, wala yeye simtaji, na yale niliyomjibu hayakuwa jibu. Nilimwambia afanye subira. Nimeandika mashairi mengi juu ya subira maishani mwangu, na siku ile neno hilo lilikuwa chungu kinywani.

Kwa hiyo mzigo huu hauwezi kuwekwa juu ya bega la kijana mwenye mtoto mchanga. Uko juu ya wenye madaraka. Sheria tunazo. Ipo sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na mamlaka iliyoundwa kwayo. Ipo Katiba ya 2010, ambayo katika ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na katika ibara ya 43 haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Tumeona pia jitihada. Marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira aliushughulikia Mto Nairobi mpaka watu wakaona tofauti kwa macho yao, naye akafa mwaka 2012 na takataka zikarudi. Mwaka 2022 ikaundwa Tume ya Mito ya Nairobi, na mwaka 2025 serikali ikatangaza kazi kubwa ya kuufufua mto huo. Tunaiombea heri. Lakini natazama, na katika mazungumzo yote juu ya mto huo nasikia Nairobi, nasikia Kiambu, kwa nadra nasikia Machakos na Makueni. Malindi sisikii. Mambrui sisikii. Ni kama mto ukitoka machoni mwa Nairobi huwa umekwisha.

Hilo ni kosa letu pia. Magavana wetu wa Kilifi na Mombasa, na wabunge wetu, hupigania ardhi na bandari, na ni haki yao. Nani kati yao amewahi kusimama akasema: tunataka kiti katika kikao cha Mto Athi, kwa sababu sisi ndio wenye mwisho wake? Tena tusijifanye malaika. Sehemu ya maji taka ya Mombasa huingia katika bahari yetu wenyewe, na asubuhi ya Jumapili ufuo wa Malindi una chupa za kutosha kuaibisha mji. Anayekwenda kudai kwa jirani hufagia kwanza kizingiti chake.

MBOGO ANA ASKARI

Nikiwa pale maporomokoni niliinua macho nikautazama mlima. Mbogo wa Kilima Mbogo wana askari, wana mipaka, wana sheria ya mwaka 1967. Mtu akiingia na bunduki atakamatwa. Chini yake mto unapita hauna askari, na atiaye sumu ndani yake haingii kwa lango wala halipi kiingilio. Tumejifunza kuhifadhi mnyama ambaye wengi wetu hatutamwona, na maji ambayo sote twayahitaji kila siku tumeyaacha yajitetee.

Ninalosema si kwamba watu wasiende kule. Nasema waende. Waende vijana wetu wa pwani walioko Ruiru na Thika, waende na wake zao na watoto, waende na walimu wa madrasa na wanafunzi wao wakipata nafasi. Waanze kwa Chania asubuhi, wamalizie kwa Athi mchana, na baina ya safari hizo mbili mtoto aulizwe: maji haya yatoka wapi, yaenda kwa nani? Mlango wa twahara ambao tulisomeshwa kwa kuimba, wao watausoma kwa macho na pua. Akitoka pale mtoto huyo hatatupa chupa mtoni, na akiwa mkubwa akapewa ufunguo wa bomba la usiku, huenda mkono wake ukasita.

Kwa kuwa ukurasa huu huwavumilia washairi, nitaacha ubeti mmoja kwa ndugu zetu wa juu. Mshairi huruhusiwa kutia chumvi kidogo:

Mto washuka imara, hatima yake ni pwani,
Mukiyatia madhara, yatuingia mwilini,
Fikirini kwa busara, jirani yenu ni nani,
Mtupacho huko bara, ndicho twanywa kisimani.

Niliporudi Malindi nilikwenda mpaka daraja la Sabaki, alasiri, peke yangu. Maji yalikuwa mekundu, yakienda polepole baina ya mafungu ya mchanga, na wavuvi wawili walikuwa wakitupa nyavu karibu na mdomo wa mto. Nikateremka, nikachota kwa kiganja. Rangi ilikuwa ya udongo. Nikanusa: harufu ya udongo. Kwa siku ile, Alhamdulillahi, mto ulikuwa umejitakasa njiani kwa jua na mchanga na mwendo mrefu wa nyika, na nikatawadha hapo hapo kusali Alasiri.

Lakini nilipokuwa nikiosha uso nilimkumbuka yule bwana wa Thika na fagio lake. Mto waenda huko chini, alisema. Alisema kweli. Huko chini nilikuwa nimefika, na maji yake yalikuwa yakinitiririka katika ndevu.